Mlezi: Mwenyewe

Wanangu waliamua nizeeke siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, bila kuniuliza. Walikuja wawili, na ndio wote nilio nao: kifungua mimba wangu, meneja wa ghala la saruji, na kitinda mimba wangu, mwalimu wa hesabu. Walikaa kwenye kochi moja wakabanana, na chumba kina viti vitano. Nikajua hapa pana jambo. Hawa hawajabanana kwenye kiti kimoja tangu siku waliyovunja kioo cha kabati la baba yao.

"Mama," alianza mkubwa, "tumekaa, tumezungumza."

"Mmekaa wapi? Mbona mimi sikualikwa?"

"Mimi na dada. Na mke wangu. Tumeona uje ukae kwetu. Chumba kipo, kimeshapakwa rangi. Utapumzika."

Mimi ni fundi saa. Nina miaka sabini na miwili, na kazi hii nimeifanya miaka arobaini na minne katika chumba cha mbele cha nyumba hii hii, kwenye meza ile ile aliyonifundishia marehemu mume wangu. Mtaani wananiita Mama Saa. Saa za betri hunipa chakula. Zile za zamani, za kujaza kwa kidole, zenye vigurudumu vidogo kama punje za mtama, hunipa raha. Ukitaka kufunga skrubu ya saa ya namna hiyo unashusha pumzi, unaibana, mkono unatulia, ndipo unafunga. Mtu apumzike kutoka kwenye raha yake aende wapi?

Lakini walikuwa na ushahidi, na hapo ndipo waliponishika. Msimu wa baridi uliopita nilipata mafua. Nikasema ni mafua tu, nikaendelea na kazi, sikumwambia mtu. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kidogo kiniumbue. Siku ya sita yalishuka kifuani yakawa homa ya mapafu. Nikalazwa siku kumi na nane, mpira wa oksijeni puani. Nilipotoka sikuweza kufika chooni bila kushika ukuta, na ilinichukua miezi mitatu kurudi mezani.

"Na baridi inarudi, Mama. Miezi miwili tu," alisema kitinda mimba kwa sauti ya upole. Huyu ni mpole kuliko kaka yake, kwa hiyo ni wa kuogopwa zaidi.

Wakati dada anasema hayo, kaka alikuwa ameshanyanyuka na futi mkononi, anapima meza yangu ya kazi.

"Unapima nini?"

"Naangalia kama itapita mlangoni. Tutaiweka stoo kwangu, usiwe na wasiwasi."

Stoo! Ukubwa ni jalala, najua, na mwanangu amebeba mengi tangu baba yake afariki. Ila jalala halipiti kwa watu likipima meza zao. Naomba nieleweke: yeye si mtu mbaya. Nyumba yake ina maji ya moto, na mkaza mwana wangu ni mpishi hodari asiyejua kujibizana. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni, hata akiwa mgeni kwa mwanawe. Kule ningeambiwa chai ni saa ngapi. Ningeulizwa ninakwenda wapi kila nikigusa kitasa.

"Nipeni msimu huu mmoja," nilisema. "Nikilazwa hospitali hata siku moja kabla joto halijarudi, nitakuja kwenu na begi langu na sitasema neno. Nisipolazwa, habari ya kuhama hamtaitaja tena mpaka niitaje mimi."

Mwalimu wa hesabu aliyaandika hayo kwenye daftari lake, akapigia mstari neno "kulazwa". Kaka yake alikubali haraka, kama mtu anayejua ameshashinda.

Jumatatu yake nilikwenda kumtembelea seremala. Alikuwa jirani yangu miaka thelathini, na nusu ya milango ya mtaa wetu aliitengeneza yeye. Aliugua ugonjwa ule ule, msimu ule ule niliougua mimi, na binti yake akamchukua akapumzike. Nilimkuta sebuleni kwa binti, blanketi miguuni, jasho linamtoka. Mbele yake runinga inaonyesha katuni za watoto.

"Joto humu," nilisema. "Mbona hufungui dirisha?"

Akapunguza sauti. "Nifungulie wewe. Mimi wameniambia nisiguse."

Seremala huyo! Randa na misumeno yake wameshagawana wakwe. Viatu vyake vimefungiwa kabatini asije akatoka akaanguka. Nikamuuliza anaumwa nini hasa siku hizi.

"Siumwi. Nilipona zamani."

"Sasa je?"

"Sasa natunzwa," alisema, akacheka bila sauti.

Ndiye aliyenikumbusha ya chanjo. Siku anatoka hospitali daktari alimuuliza kwa nini hakuchanjwa, maana ipo ya mafua makali, ya kila mwaka, na ipo nyingine ya homa ya mapafu, na wanaozihitaji zaidi ni watu wa umri wetu. "Nikamwambia, daktari, mimi nilijua chanjo ni mambo ya watoto wachanga." Nilipoyasikia hayo nikaona haya. Hata mimi niliambiwa siku ninatoka wodini, nikatikisa kichwa kwa adabu, nikasahau kabla sijafika getini. Mtu ukishafika umri wangu hujiona umemaliza kuchanjwa kama ulivyomaliza kuota meno.

"Wewe bado una meza yako," seremala alisema. "Nenda."

Nilikwenda kesho yake, asubuhi na mapema, kwa miguu. Ukuta wa kliniki umeandikwa kwa rangi ya buluu, "Kinga ni bora kuliko tiba", na chini ya maandishi hayo kuna benchi lililovunjika mguu, limeegemezwa tofali. Kinga ya benchi walichelewa. Nikachukua namba ya foleni, nikakaa katikati ya akina mama na vichanga vyao.

"Bibi, mjukuu yuko wapi?" mama mmoja mwenye mapacha aliniuliza, akinisogezea nafasi.

"Mjukuu yuko shule. Anayechanjwa ni mimi."

Benchi zima likageuka. Mmoja alicheka mpaka mtoto wake akaacha ziwa kumtazama. Nikacheka nao. Nilikuwa na miaka kama yao nilipokaa foleni kama hii, na sikuwahi kujiuliza mbona wazee hawamo.

Muuguzi alikuwa kijana mwenye miwani na haraka. Aliniambia chanjo za wazee zipo, zimekaa kwenye friji wiki mbili, na mimi ni mtu wa nne kuziulizia. Tatizo ni kadi. Kadi za watu wazima hazijaletwa, kwa hiyo akachukua kadi ya mtoto, ile yenye picha ya mama ananyonyesha, akaanza kujaza kwa mazoea.

"Uzito wa kuzaliwa?" Kisha akajishtukia, akakohoa kidogo. "Samahani, mama."

"Mama yangu alisema nilikuwa mzito kuliko kaka zangu wote. Andika hivyo."

"Jina la mzazi au mlezi?"

"Wazazi wangu wako makaburini."

"Basi mlezi. Yule anayekuangalia. Kwa umri huu tunapenda familia ijue."

Hapo nilikosea. Nilidhani anataka namba ya kupiga endapo nitaanguka, nikampa ya kifungua mimba. Kijana akaipiga pale pale, akaweka spika, maana watoto walikuwa wanalia pande zote.

"Usimchome!" sauti ya mwanangu ilijaa chumba. "Mama ametoka kuugua juzi tu, mapafu yake mabovu. Mtamuua! Mimi ndiye ninayemwangalia, na mimi sijaruhusu."

Muuguzi akairudisha sindano kwenye trei taratibu. "Pole, mama. Familia ikikataa inakuwa vigumu kwetu. Njoo naye siku nyingine, mzungumze."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Nimewahi kuibiwa na nimewahi kusingiziwa, lakini sijawahi kusikia mtu akiombwa ruhusa ya mwili wangu na mimi nimekaa pale, macho makavu, akili timamu.

"Kijana," nilisema, "huyo uliyempigia nilimleta kliniki akiwa na wiki sita. Alilia, akanikojolea gauni jipya. Sikumpigia mtu simu kuuliza kama mtoto ameruhusu. Leo ana miaka arobaini na tisa, ana mvi, ana kitambi, hajawahi kupooza mguu wala kuugua surua, kwa sababu ya chanjo zile. Halafu yeye ndiye anikataze yangu? Hapa nani kamzaa nani?"

"Mama, kwani umefika huko na nani?" simu ilikuwa bado hewani.

"Nimefika na miguu yangu, mwanangu. Kazi njema." Nikaikata mwenyewe.

Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka Sista mkuu, mwanamke mnene aliyebakiza miaka michache kustaafu, na ninaamini alikuwa amesikia kila neno. Akavuta kiti. Akaniuliza leo siku gani, ninaishi na nani, ninatumia dawa gani, nina homa, nimewahi kudhurika na sindano yoyote. Nikajibu yote. Akaniuliza kama ninajua ninachokitaka.

"Moja ya mafua, na mwakani nitarudi. Nyingine ya homa ya mapafu."

"Na unadhani hutaugua tena?"

"Hilo niambie wewe."

Akatabasamu. "Unaweza kuugua. Hazizuii kila kikohozi, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Tunachotafuta ni ugonjwa ukikupata usiwe na nguvu ya kukulaza."

"Sista, nimefuata hicho hicho tu."

Akamgeukia muuguzi. "Huyu ni mtu mzima, ameelewa, ameamua. Mchome."

"Mlezi niandike nani?"

"Muulize yeye."

"Andika mwenyewe," nilisema. "Mlezi: mwenyewe. Na mwandiko uwe mzuri."

Akaandika. Kisha sindano mbili, kila mkono yake. Niliambiwa nikae nusu saa waniangalie, na mama wa mapacha akanipakatisha mmoja ili amchanjishe mwenzake. Yule niliyempakata hakulia. Nikamwambia asubiri zamu yake.

Mikono iliniuma siku mbili, na jioni ya kwanza mwili ulikuwa mzito kama nimefua mashuka. Mwanangu alinuna wiki tatu. Hakupiga simu, hakuja, alimtuma mkewe alete matunda. Nikala matunda, nikamtumia salamu.

Kisha baridi ikaja, na mafua nayo. Shule ya jirani ilibaki nusu ya wanafunzi. Muuza dawa wa kona alifunga duka siku nne. Mimi niliendelea na kazi, dirisha wazi, mpaka asubuhi moja nikainuka na koo limekauka, viungo vinauma, kichwa kimejaa.

Nitasema ukweli: niliogopa. Maneno yangu yote makali yaliniishia. Nililala mchana kutwa nasikiliza kifua changu kama ninavyosikiliza saa ya mteja, nikingoja kishuke kile kitu kizito ninachokijua. Nilimwona seremala na blanketi lake. Nilijiona mimi kando yake, tunatazama katuni. Nikalia kidogo, peke yangu, na sioni aibu kusema.

Ila safari hii sikuficha. Siku ya pili nilijikokota kliniki. Sista aliniwekea kifaa mgongoni, akanipima pumzi kwa kile kibanio cha kidoleni. "Kifua kisafi," alisema. "Nenda kalale, kunywa maji. Ukikosa pumzi, rudi saa hiyo hiyo, usingoje mtu." Siku ya tatu homa ilikuwa bado ipo. Kitinda mimba akaja, akaniona, akatokwa machozi.

"Usimwambie kaka yako," nilisema.

"Sitamwambia, Mama."

Mtoto huyu hajawahi kuweka siri tangu azaliwe. Siku ya tano niliamka na njaa, nikapika uji, nikala sufuria nzima. Siku ya sita nilirudi mezani. Mwaka uliotangulia, siku ya sita nilikuwa kwenye machela.

Mezani palikuwa na saa ya mwalimu mkuu mmoja mstaafu, ya kujaza, aliyorithi kwa baba yake. Nilikuwa nimeifungua yote na kupanga vipande vyake kwenye kitambaa cheupe, safu kwa safu, kila skrubu mbele ya tundu lake. Vipande hivyo havijaandikwa namba. Namba ni pale ulipokiweka. Ndiyo maana meza yenye saa iliyofunguliwa haiguswi, haifutwi vumbi, wala mtu hapiti karibu yake akipiga chafya. Wanangu walilelewa na sheria hiyo. Walitembea chumba kile kwa ncha za vidole kabla hawajajua kusoma.

Nilikwenda jikoni kutoa birika motoni. Nikasikia gari linasimama nje, nikasikia mlango, nikasikia sauti ya mwanangu ikisema, "Anzeni na hii meza." Kabla sijafika, sauti nyingine ikasema, "Moja, mbili, nyanyua!" Ikafuata mlio kama mchele unaomwagika sakafuni.

"Asitembee mtu!"

Nilipofika mlangoni waliganda wote. Makuli wawili wa ghala, vijana wenye mabega ya kubebea saruji, walikuwa wameishikilia meza yangu hewani. Kifungua mimba wangu alisimama katikati ya chumba na shati lake jeupe la kazini, mdomo wazi. Nyuma yake dada yake ameziba uso kwa mikono. Kitambaa cheupe kilikuwa chini.

"Mama," mkubwa alisema, "sikuona kama kuna..."

"Uliona. Ulisahau. Shusheni meza hapo hapo, taratibu. Vueni viatu. Wote chini, kwa magoti. Vipande thelathini na nne, na hakuna anayetoka humu mpaka vitimie."

Mtu akipiga kelele za namna hiyo kwa haki yake, watu hutii. Makuli walipiga magoti wakawasha taa za simu zao. Meneja wa ghala naye akapiga magoti, kitambi kikimbana. Mimi nikakaa kwenye kiti changu, lenzi jichoni, kibano mkononi, nikipokea kila kinachookotwa.

"Makubaliano ni makubaliano, Mama," alisema akiwa ameinama. "Umeugua. Dada ameniambia."

"Tulisema kulazwa. Limepigiwa mstari kwenye daftari. Angalia karibu na goti lako, hicho kinachong'aa."

"Na hiyo chanjo yako haikusaidia kitu."

"Mwaka jana siku kumi na nane na mpira puani. Mwaka huu siku tano kitandani kwangu, nikijipikia uji. Siwezi kukuapia kwamba ni sindano peke yake, hata Sista hakuniapia. Lakini mapafu ni yangu, na tofauti nimeisikia mimi. Hiyo siyo skrubu, ni punje ya sukari. Endelea."

Aliendelea. Mikono minane ilipapasa sakafu. Kisha akasema, bila kuinua kichwa:

"Mimi ndiye niliyekubeba."

"Nini?"

"Mwaka jana. Kutoka kitandani mpaka kwenye gari. Mama, mimi nimebeba mifuko ya kilo hamsini tangu ujana. Nilijiandaa kwa uzito wako, nikanyanyua, nikakaribia kuanguka kwa nyuma. Uzito haukuwepo. Ulikuwa mwepesi hivi." Sauti ilikatika. "Tangu siku hiyo simu ikilia najua ni habari yako. Nikiwa kazini, nikiwa mezani nakula. Kliniki waliponipigia, nilijua nikisema ndiyo ukafa, nitakuwa nimekuua mimi. Nimechoka, Mama. Siwezi kukubeba tena."

Makuli walikazana kutafuta kuliko ilivyohitajika. Dada yake alikuwa analia waziwazi. Na mimi iliniuma, tena sana. Mwaka mzima nilidhani anataka kunitawala, kumbe alikuwa anaogopa, na sikuwahi kumuuliza. Nilitaka kushuka kitini nimshike kichwa kama nilivyomshika siku ya zile sindano za wiki sita.

Sikushuka. Nilijua nikimhurumia kwa namna anayoitaka, mwezi ujao nitakuwa ninatunzwa.

"Mwanangu," nilisema, "nashukuru ulinibeba. Nisingekuwa hapa. Hofu yako naiona na sikulaumu. Njoo ukitaka, piga simu kila siku, lia hapa mbele yangu. Lakini hutaniweka mimi stoo ili wewe upate usingizi."

Alifuta uso kwa mkono wa shati, akainama tena. Ni yeye aliyepata kipande cha mwisho, ile springi nyembamba kama unywele, imenasa kwenye uzi wa mkeka. Hakuigusa. Alikumbuka kwamba haiguswi kwa kidole, akaniita nije na kibano.

Meza ikarudishwa dirishani. Sikumfukuza mtu. Nikanawa mikono, nikakausha, nikaweka lenzi jichoni, nikaanza kuipanga saa ile upya, kwa kichwa, maana safu zilishavurugika. Skrubu ya kwanza. Nikashusha pumzi, nikaibana. Nilikingoja kikohozi, siku ya sita tu tangu homa, kifua kingekuwa na haki ya kuniaibisha mbele ya wote. Hakikuja. Mkono ukatulia, skrubu ikaingia. Nikaachia pumzi, na nyuma yangu nikasikia mtu mwingine naye anaachia yake. Nikafunga ya pili, ya tatu. Ilichukua karibu saa nzima, na muda wote alisimama pale pale, hajakaa, anapumua nikipumua.

Saa ilipoanza kwenda nikaifunika kioo, nikaigeuza, nikaandika jina la mwenyewe kwenye bahasha.

"Nendeni mkanisubiri kwenye gari," aliwaambia makuli.

"Na mzigo, bosi?"

"Hakuna mzigo."

Walitoka, wamebeba viatu vyao mkononi. Dada yake alinibusu, akatoka mbio kabla sijamuuliza kuhusu siri. Mkubwa alibaki kizingitini akihangaika na kamba za viatu.

"Msimu haujaisha," alisema. Ni mkaidi, na ninajua alikoutoa ukaidi.

"Na mimi sijaisha."

Akainuka, akajipangusa magoti. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, bila futi safari hii.

"Jumapili nije nikuone?"

"Piga simu kwanza. Huenda nisiwepo."

Akacheka, akidhani ni utani. Jumapili akaja bila kupiga simu, akakuta kufuli.